Mbao Mbichi kwenye Boti ya Baba Mkwe

Kuna aibu ambazo mtu ukishakaa nazo mwaka mmoja au miwili unazigeuza utani, unazisimulia watu wanacheka na wewe unacheka nao, lakini hii yangu kila nikiianza najikuta naangalia chini, kwa hiyo nivumilieni nikiwa naenda na kurudi. Mimi ndiye yule mkwe. Kama una ndugu kule Kyela, ukanda wa ziwani, huenda umeshaletewa habari zangu bila kujua ni mimi: mkwe aliyepanda jeneza la baba mkwe wake mbele ya kijiji kizima. Wengine wanasimulia kwamba nililikalia kama baiskeli. Hilo si kweli, nililala kifudifudi, lakini nimeacha kubishana maana ukishafika mahali unabishana kuhusu namna ulivyopanda jeneza, heshima imeshakwisha.

Kwetu mimi ni Idodi, Iringa, kwenye barabara ya kwenda mbugani Ruaha, ambako maji ni kitu cha kuchota kwenye ndoo na si kitu cha kusafiria, na kuogelea sijui mpaka leo. Ufundi wangu ni wa faiba. Nilijifunzia Iringa mjini kwenye gereji ya mabasi: bampa limepasuka, boneti ya lori imeliwa na kona, sisi tunaviunga kwa nyuzi za kioo na gundi yake mpaka vinakuwa vipya. Nikahamia Mbeya, nikafungua kigereji changu mtaa wa Soweto, nikamwoa Atupele, Mnyakyusa, tukampata Lusajo, na tangu hapo ukweni naitwa Baba Lusajo.

Sasa baba mkwe wangu alikuwa na boti. Kijiji chao kipo upande ule ambao milima inashuka mpaka ndani ya ziwa, barabara hakuna, ama uende kwa maji ama ushike njia ya miguu nusu siku nzima na uwe na magoti mazima. Boti ile ya faiba, kuukuu, aliinunua kwa watu waliokuwa wakipima samaki wakaondoka, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba mahindi, walimu, wajawazito na wagonjwa wa kijiji chote. Baadaye sakafu ikaanza kubonyea. Ukikanyaga inashuka kama godoro, na ukiongeza moto wa injini, boti inajikunja katikati kama mtu anayeumwa tumbo. Faiba ya nje ilikuwa nzima. Kilichooza ni mihimili, zile mbao mbili ndefu zinazolala chini ya sakafu kutoka nyuma mpaka mbele, zimefunikwa kwa faiba usizione, na ndizo zinazoifanya boti iwe boti, la sivyo ni beseni refu tu.

Mwezi wa tano baba mkwe akaletwa Mbeya kutibiwa figo, akafikia kwetu. Mama mkwe alisimulia kwamba siku ya safari mzee alisema haendi hospitali peke yake, boti nayo inaumwa, na kweli ikaja nyuma yake juu ya lori la mchele. Tukaishusha mbele ya gereji, juu ya matairi. Boti katikati ya Soweto! Watu walikuwa wanasimama kuniuliza ziwa linafika lini.

“Baba Lusajo,” mzee akaniuliza, “kazi hii unaiweza?”

Hapo kulikuwa na jibu la kweli, kwamba faiba naijua lakini boti sijawahi kuitengeneza hata moja. Lakini mkwe wako mgonjwa anakuuliza, shemeji yako Ambakisye yupo pembeni anasikiliza (Ambakisye ni kaka yake Atupele, na tangu mwanzo alikuwa haelewi dada yake alichokiona kwa Mhehe wa Iringa kama mimi), nikasema, “Hii kazi ndogo, baba.”

Basi kila siku ambayo hakwenda hospitali, mzee alikuwa anatoka amevaa koti jeusi zito, anakaa kwenye kigoda juani, ananiangalia. Nilikata sakafu kwa grainda, vumbi la kioo likaniwasha mpaka kwenye kope, nikaifungua ile mihimili. Jamani. Ndani hakukuwa na mbao, kulikuwa na kitu cheusi kama tumbaku iliyolowa, nikawa nakichota kwa mikono, kinanuka dimbwi. Mzee alicheka kidogo akasema ndani yake na yeye pako hivyo hivyo. Sikujua nicheke au nisicheke.

Mpaka hapo kazi ilikwenda vizuri, na ninawaambia kwa haki, nilisafisha vizuri, nikachukua vipimo vizuri, nikachora vielelezo vyangu kwenye makaratasi ya boksi. Kilichobaki ni mbao. Nilikuwa nimeagiza mninga mkavu kutoka upande wa Makongolosi, dereva akaniambia ndani ya wiki, wiki ikapita, akasema lori limekatika springi, tuweke wiki mbili nyingine. Na mzee kila siku, kwa upole kabisa, “Ijumaa itakuwa imefika wapi, mkwe?” Mwili wake ulikuwa unapungua ndani ya lile koti, unaona kabisa, kola inabaki kubwa, shingo inabaki ndogo. Jirani yangu mwenye mashine ya kupasua magogo alikuwa na mbao za mkaratusi, zimenyooka, nzuri, zimepasuliwa jana yake. Nikazichukua.

Ndiyo hilo. Kosa lenyewe lote ni hilo tu, mbao mbili.

Sikukosa kuonywa. Gundi nanunua kwa Jivan, Mhindi mzaliwa wa Mbeya, duka la baba yake na babu yake, na Kisafwa cha wenyeji anakijua kuliko mimi. Akanipimia gundi, akanipimia na ile dawa ya kuigandisha, akaniuliza naibandika kwenye nini. Nikamwambia mkaratusi. “Mkavu?” Nikajifanya sijasikia. Akasema, “Fundi, gundi hii na mbao mbichi ni mtu na mama mkwe wake, hawali sahani moja. Utaona zimekaa pamoja, lakini hazijashikana.” Nikacheka, nikabeba dumu langu nikaondoka.

Na mzee mwenyewe alizishika. Alinyanyuka kwenye kigoda, akaweka kiganja juu ya ubao, akakiacha pale muda mrefu.

“Mbao hizi mbona za baridi?”

“Ni baridi ya Mbeya hii, baba.”

Akaniangalia. Akarudisha mkono mfukoni, akakaa, na siku ile hakuniuliza tena habari ya Ijumaa. Hata leo sijui kama aliniamini. Najua tu kwamba mtu aliyekaa na boti maisha yake yote hawezi kushindwa kujua mbao yenye maji, na najua kwamba mtu wa heshima zake hawezi kumwambia mkwe aliyempa kitanda na chakula kwamba unadanganya.

Nikaibandika mihimili, nikaifunika kwa faiba tabaka tatu, nikarudisha sakafu, nikapaka rangi ya bluu. Ilipendeza! Siku ya nne yake, Jumatano, nikaingia chini ya sakafu kupitia mlango mdogo niliouacha nyuma, nikaugonga mhimili wa kulia kwa mpini wa nyundo. Faiba iliyoshika inalia kama meza. Hii yangu ililia pwe, pwe, pwe, kama boga tupu, karibu urefu wote. Nikaugonga wa kushoto, huo ulikuwa na nafuu. Nikakaa mle ndani nimejikunja na nyundo yangu, nikajiambia mninga ukija nitaifungua upya, nitamwambia mzee kuna kitu nataka kukiboresha. Maneno nilishayapanga kabisa.

Alhamisi saa nne asubuhi mzee akafariki.

Sebule yangu ikajaa. Shangazi zake Atupele, watu wa kanisani, wazee wa Kyela waishio Mbeya, na Ambakisye amesimama katikati na daftari anapanga safari: Jumamosi tunashuka, gari la mwili mpaka Matema ufukweni, halafu maji. Mama mkwe alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akasema, “Yeye alisema atarudi na boti yake.” Chumba kizima kikageuka kuniangalia.

“Shemeji,” Ambakisye akauliza, “boti vipi?”

Ninyi mnaonisikiliza najua mnasema ningesema ukweli. Na mimi kila mara ninaposimulia nafika hapa nasema ningesema. Kulikuwa na boti za mbao za kukodi kule Matema, siku zote zipo, ni neno moja tu. Lakini Atupele alikuwa mlangoni, macho yamevimba, ananiangalia kwa namna fulani, kama mtu ambaye katika msiba wote ule anacho kitu kimoja cha kujivunia. Nikasema, “Ipo tayari.”

Tukashuka Jumamosi, lori na boti mbele, gari la mwili nyuma, ukungu wa Tukuyu kisha lile joto la chini linalokupiga usoni kama umefungua jiko. Pale ufukweni watu walikuwa wanatusubiri, wakaizunguka boti, wakaipapasa, bibi mmoja akaigusa akalia kwa sauti kama ameguswa na marehemu mwenyewe. Mchungaji akaomba, na baada ya kuomba akasema mbele ya wote kwamba wapo wakwe wa kula na wapo wakwe wa kujenga, na huyu, akanishika bega, ameifufua boti ya baba yake. Watu wakasema amina. Mnajua nilichofanya? Nikaomba kusema neno. Mimi! Nikasimama na suti yangu ya harusi, nikasema kwamba baba alinifundisha kuwa kazi ya haraka haina baraka. Hakuwahi kunifundisha hivyo, nilitunga palepale. Hotuba zikaongezeka, mwalimu naye akasema, mwenyekiti naye, na wakati tunasukuma boti majini ilikuwa imeshapita saa nane, na mtu yeyote wa ziwa lile anajua kwamba saa nane upepo umeshaamka.

Tulikuwa sita na jeneza. Ambakisye nyuma kwenye injini, mama mkwe, Atupele, mchungaji, mzee mmoja wa ukoo, na mimi ambaye nilipewa heshima ya kukaa ubavuni mwa jeneza. Makoti ya kuokolea maisha yalikuwa matano. Lile la tano nikampa yule mzee wa ukoo, nikasema kwa sauti ili wasikie, “Mimi boti hii naijua.” Nyuma yetu zikafuata boti mbili za mbao na kwaya.

Mwanzo ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisahau. Kisha tukatoka nje ya kile kilima kinachozuia upepo, mawimbi yakaanza kuipiga boti chini, pah, pah, na mimi peke yangu, kwa sababu mimi peke yangu nilijua pa kusikiliza, nikasikia kwamba baada ya kila pigo kuna mlio mdogo unafuata, kama mtu anafungua kitu kilichogandiana. Nikaweka kiganja sakafuni. Sakafu ilikuwa inapumua. Nikamwashiria Ambakisye apunguze moto, akadhani namwambia tumekaribia, akaongeza.

Na kweli tulikuwa tumekaribia. Kijiji chote kilikuwa kimejipanga ufukweni, unaona kanga nyeusi, unaona watoto wamepanda juu ya mawe, ngoma ya msiba unaisikia. Labda hatua mia mbili. Ndipo mhimili wa kulia ukaachia. Ulitoa mlio mmoja mkubwa chini ya miguu yetu, sakafu ikainuka upande mmoja, jeneza likateleza likampita mchungaji likagonga ubavu wa boti, uzito wote ukaja kulia, na chini, pale mhimili ulipokuwa ukigonga, faiba ikapasuka ufa mrefu. Maji hayakuingia kwa kujiiba. Yaliingia kama yanaingia kwao.

“Shemeji, nini hiki?” Ambakisye alipiga kelele. “Shemeji!”

Boti ikalala ubavu, tukamwagika.

Wenzangu wote wamezaliwa kwenye maji yale na walikuwa na makoti. Mimi nilishuka chini na viatu vyangu vya harusi, nikanywa ziwa, nikapanda juu, nikashuka tena, na nilipopanda mara ya pili mkono wangu ukagusa mbao, kitu kigumu kinachoelea, nikakikumbatia. Namwambia mtu yeyote anayetaka kunihukumu: kwanza uzame. Sikujua ni nini. Nilikuja kujua nilipofungua macho nikaona msalaba wa maua ya plastiki upo karibu na pua yangu, na upande wa pili wa jeneza mama mkwe ameshika kishikio, anaogelea kwa mkono mmoja, anajaribu kulielekeza ufukweni, na ananiambia kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mbele za wageni, “Baba Lusajo, shuka. Unamzamisha. Shuka, baba, unamzamisha.”

Na ilikuwa kweli. Jeneza lilikuwa likielea vizuri tu mpaka nilipolipanda, sasa kwa uzito wangu lilikuwa linakunywa maji kwenye maungio, naliona linashuka. Ningeachia? Nawaambieni sikuachia. Niliendelea kulishika kwa mikono na miguu, nalia, mpaka wanaume wawili kwenye mtumbwi wakaja wakanibandua kidole kimoja kimoja. Kule ufukweni ngoma ilikuwa imenyamaza, kwaya imenyamaza, ziwa zima linasikia mimi tu.

Mama mkwe alilifikisha jeneza akiwa bado ameshika kishikio.

Walilifungua. Ilibidi. Wazee waliingia nalo ndani ya nyumba, wakakaa muda, kisha Ambakisye akatoka akaja mpaka niliponyong'onyea chini ya ukuta na blanketi la watu. Akasema suti ya baba imelowa na matope ya ziwa yameingia, haiwezekani. Akasema kijijini hakuna suti ya kumtosha. Suti yangu ilikuwa imeanikwa kwenye uzio, kwa joto lile na upepo ule ilikuwa inaelekea kukauka. Hakuniomba, aliiangalia tu. Nikasema ichukueni. Jioni ile baba mkwe akazikwa ndani ya suti yangu ya harusi, na mimi nikasimama kaburini nimevaa jezi ya mpira ya kijana wa jirani iliyonifika kitovuni na kitenge cha shangazi kiunoni, na ilipofika zamu ya wakwe kutupa udongo nikapita katikati ya watu hivyo hivyo. Hakuna aliyecheka. Ningeomba wacheke.

Kesho yake mchana mama mkwe akaniita. Nilipiga magoti mbali naye, kama adabu inavyotaka.

“Mbao zilikuwa mbichi?”

“Ndiyo, mama.”

“Ulijua?”

“Nilijua, mama.”

Akaendelea kuchambua mchele wa matanga. Kisha akasema, “Ungesema tu. Tungengoja. Baba yenu hakuwa na haraka tena.”

Hakusema neno zaidi ya hilo, na mpaka leo hajasema.

Kumbe mtu mmoja kwenye boti ya kwaya alikuwa anapiga video. Ilinitangulia kufika Mbeya. Wateja walikuwa wanakuja gerejini na bampa zao, wanazungumza habari za bampa, huku wanajizuia kucheka. Jivan yeye alinipimia gundi, akanirudishia chenji kwa mikono miwili. Atupele aliniandalia chakula na kuniwekea maji ya kuoga kama kawaida, lakini ilichukua karibu miezi miwili aniite jina langu, na hata alipoliita ilikuwa kuniambia gesi imekwisha.

Mwezi wa kumi mninga ulipokuwa tayari (niliuacha juani wiki nyingi mno, nikaugonga, nikaunusa, nikalaza na shavu langu juu yake) nilishuka nao mwenyewe. Boti walishaivuta ufukweni, imelala kwenye mchanga. Niliifungua palepale mbele ya kijiji, sakafu, mihimili, kila kitu, na yeyote aliyetaka kuangalia aliangalia. Mkaratusi ulitoka mzima mzima, faiba ilivuliwa kama soksi. Niliuweka pembeni wauone. Nikaziba ule ufa, nikabandika mninga, nikabandua kila nilipotilia shaka nikabandika tena, siku kumi na mbili. Ambakisye alikuwa anakuja anasimama, anaondoka. Siku ya mwisho alichukua nyundo akagonga mwenyewe, kulia na kushoto, urefu wote, akairudisha nyundo mahali pake.

Tukaishusha majini. Nikauliza nani anakwenda Matema. Kulikuwa na watu wenye mizigo pale, kulikuwa na mwalimu mwenye safari, na wote wakasema watasubiri boti nyingine, ipo njiani. Hakuna aliyenitukana. Basi nikavuka na shemeji yangu, wawili tu, boti inakwenda imenyooka kama rula, ziwa limetulia, hakuna mlio wowote chini, na mimi nimevaa koti la kuokolea maisha nimelifunga mpaka kidevuni. Katikati ya ziwa Ambakisye akapunguza injini. Akanitazama, akasema, “Sasa inakwenda vizuri. Baba angeipenda.” Kisha akaongeza moto tukaendelea, na alichosema kilikuwa kweli, na ndicho kilichonimaliza.

Sijaahidi kwamba sitadanganya tena maishani, mimi ni fundi, mtu akitaka bampa lake Jumatatu nitasema Jumatatu. Lakini mbao mbichi sitaifunika tena. Na msibani, mtu akiniuliza kama kitu fulani kipo tayari, hata kama ni viti tu vya kukalia wageni, nasema ngoja kwanza nikaangalie, na naondoka kweli, nakwenda naangalia.